Kitabu gani nisome na Gredi 8? Barua zenu na majibu yangu

Barua za mwezi huu ni kama mliketi mkaelewana, karibu zote zinauliza jambo moja, storibuku ya vijana ya kusoma darasani inachaguliwaje. Zile za insha na ngeli nimeziweka kando nitazijibu toleo lijalo, leo tukae hapa kwa vitabu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili junior school huku Kayole, Gredi 8, darasa langu liko na wanafunzi 46. Wazazi wamechangishana tukafikisha 12,000 ya kununua vitabu vya hadithi. Hedimasta anasema ninunue kitabu kimoja nakala nyingi ndio kila mtoto aone chake, mwenzangu wa stafurumu anasema ninunue kile tulisoma sisi tukiwa sekondari kwa sababu kilikuwa kitamu. Mimi naogopa ninunue kitu watoto wakikatae halafu pesa ya watu iishie kwa kabati. Nianzie wapi? – Mwalimu, Kayole

JIBU: Marahaba mwalimu wangu. Na kwanza asante kwa kuogopa, manake mzazi wa Kayole akitoa mia mbili na kitu ya kitabu hiyo ni unga ameacha dukani, na wewe umeliona hilo.

Usinunue bado. Tafuta kwanza kopi moja moja ya vitabu vitano au sita, za kuazima tu, uliza walimu wenzako, na si lazima ufike tauni, kutoka kwako Buruburu ni karibu na kuna maktaba ya KNLS, ile huduma ya maktaba za taifa, pale, halafu kuna Makadara na Kaloleni, hizo mbili ni matawi ya ile McMillan ya katikati ya jiji iliyofunguliwa 1931 wakati Mwafrika haruhusiwi kuingia, leo mtoto wa Eastlands anaingia na yunifomu yake anakaa anasoma na hakuna mtu anamuuliza ametoka wapi. Sasa hivyo vitano ama sita visome wewe mwenyewe, vyote, mpaka ukurasa wa mwisho. Najua uko na vitabu vya kusahihisha hadi juu ya friji lakini hapa sitakupunguzia, muhtasari wa jalada la nyuma umeandikwa na mtu anayetaka kuuza, na kitabu kinaweza kuanza vizuri sana halafu katikati kikageuka kuwa mahubiri na ukagundua ukiwa mbele ya watoto.

Ukishavisoma, vile vitatu ama vinne umevipenda vipeleke darasani uwasomee ukurasa wa kwanza tu, kwa sauti, bila kueleza chochote. Usiseme hiki ni kizuri, usiseme mwandishi alizaliwa wapi, soma halafu nyamaza uwaangalie.

Nikueleze kitu nilikiona na macho yangu. Nilikuwa shule moja ya kutwa huku huku Eastlands, Ijumaa kipindi cha mwisho, jua limechoma mabati na watoto wameshafunga mabegi kwa akili hata kama bado yako wazi. Nikasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kilichokuwa na sifa kila mahali, kilianza na kijana mwenye nidhamu aliyeamka alfajiri akapiga mswaki akamsalimia kila mtu. Kufika mstari wa sita kuna mmoja ameshachora gari kwa dawati. Nikafunga, nikachukua kingine, hicho kilianza na mama anahesabu pesa ya kodi usiku akidhani watoto wamelala, anahesabu, anarudia, inapungua mahali palepale. Basi. Ukurasa mmoja na nusu. Nilipofunga kulikuwa na kijana wa nyuma karibu na dirisha, huyo tangu muhula uanze nilikuwa nimesikia sauti yake nikiita rejista tu, akauliza bila kuinua mkono, "Mwalimu, walifukuzwa?" Nikamwambia sijui, kitabu ndicho kinajua. Baada ya kengele akabaki akisukuma sukuma viti kama anapanga, mwishowe akakiomba, na Jumatatu kikarudi kimefungwa na gazeti vizuri kisichafuke na amekimaliza, na wengine wanne walikuwa wameshasimuliwa nusu.

Hicho ndicho utakuwa unatafuta, mwalimu, lile swali la "walifukuzwa?". Likitoka hata kwa watoto watatu wanne, hicho kitabu kina kazi. Lisipotoka, hata kama kimeshinda tuzo, kirudishe maktaba.

Sasa kuna mambo ukisoma peke yako utayaangalia. Mhusika mkuu ana miaka mingapi? Watoto wako ni wa 13, 14, na mtoto wa umri huo anapenda kusoma juu ya mtu aliyemtangulia kidogo, wa 15 ama 16, ukimpa shujaa wa miaka 10 ataona umemdharau. Shida ya hadithi ni ya nani? Kama kijana anapata shida ukurasa wa 10 na mjomba anakuja kuimaliza ukurasa wa 90, huyo mjomba ndiye amepewa kitabu, na vijana wanaliona hilo haraka kuliko sisi. Lugha pia, si kwamba iwe rahisi, hapana, neno gumu moja moja halijamfukuza msomaji yeyote aliyeshikwa na hadithi, shida ni pale mwandishi anapanga misemo na methali kwa kila sentensi kama anaandika insha ya mtihani, hapo mtoto anachoka kwa sababu hadithi imesimama kungoja methali ipite. Na angalia herufi, hili watu huwa hawasemi, kuna vitabu vimechapwa na maandishi madogo mistari imebanana na madarasa yetu mengine taa hakuna, mawingu yakija watoto wa nyuma hawaoni kitu.

Kuhusu nakala, hapo naomba hedimasta anisamehe lakini sikubaliani naye. Tuseme kitabu ni shilingi 600, utapata 20, watoto ni 46, kwa hivyo hata ukinunua kimoja tu bado si kila mtoto ataona chake. Na kikigoma, darasa lote limegoma. Nunua vitatu tofauti, kila kimoja nakala 6, hiyo ni 10,800, ile 1,200 inabaki nunua plastiki ya kufunika na daftari la kuazimisha. Gawa darasa mara tatu, wakae watu wawili watatu kwa kitabu, na wachague wenyewe kundi kulingana na ule ukurasa wa kwanza uliwasomea. Wakimaliza wanabadilishana. Utashangaa vile kundi moja linauza kitabu chake kwa lingine, wanafanya kazi yako.

Na huyo mwenzako wa kitabu cha zamani usimpuuze, ako na neno. Ila kuna vitabu tulivisoma kwa sababu vilikuwa setibuku na mtihani ulikuwa unakuja, na kuna vile tungevisoma hata bila mtihani. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka 1996, ikawa setibuku, na mpaka leo mtu mzima wa rika fulani hapa Kenya ukimtajia Kongowea Mswahili uso unafunguka, kwa sababu ni kijana anatoka Tanga kumtafuta babake mpaka Kitale, na nani akiwa na miaka 15 hajawahi kujiuliza yeye ni wa nani? Hicho kingesomwa hata bila KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa hivyo kitabu cha mwenzako kiweke kwa mstari na vingine, kisomwe ukurasa wa kwanza, watoto waseme. Na uzuri wa Gredi 8 ni kwamba hapa una nafasi ambayo mwalimu wa Form 3 na Form 4 hana, wale wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 waliobaki watafanya KCSE ya mwisho 2027 na vitabu vyao wamechaguliwa, hawana la kusema. Wewe unalo.

Kitu kimoja cha mwisho kwako, shule ni ya umma, pitia orodha ya vitabu ya KICD, taasisi ya mitaala, ile Orange Book, uone kipi tayari kimeidhinishwa, na kile hakiko humo mwonyeshe hedimasta kabla hujanunua. Mpe akisome. Hedimasta aliyekisoma atakusimamia siku mzazi akija na maswali, na mzazi atakuja, hebu soma barua inayofuata.

SWALI: Mwalimu pole kwa kazi. Msichana wangu ana miaka 13 yuko shule huku Umoja. Wiki jana nilipata kwa begi lake kitabu walichopewa na mwalimu wa Kiswahili, nikafungua katikati nikapata msichana wa shule amepata mimba. Nilishtuka sana. Nataka niende shuleni niseme kitolewe, kwa nini watoto wafundishwe mambo kama hayo? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama, kushtuka kwako nakuelewa kabisa, mimi pia ni mzazi na mara ya kwanza unapofungua kitu cha mtoto ukakuta hayo moyo unaruka. Lakini kabla ya kwenda shuleni nakuomba ufanye jambo moja, umesema ulifungua katikati. Anza mwanzo. Kisome chote, ni jioni mbili tu, halafu ndio uamue.

Ukikisoma jiulize huyo msichana wa kitabuni amefanywa nini na mwandishi. Kuna kitabu kinataja jambo ili kusisimua tu, kinakaa kitandani kurasa tatu halafu kinaendelea kama hakuna kitu kimetokea, hicho hata mimi nitakuja na wewe kwa ofisi ya hedimasta tukirudishe. Na kuna kitabu kinakuonyesha msichana anaficha tumbo na sweta wakati wa joto, rafiki anaacha kukaa naye dawati moja, mvulana anahamishwa shule na yeye anabaki kuambiwa yeye ndiye mbaya, mamake analia jikoni. Mtoto wako akisoma hayo hajafundishwa kupata mimba, Mama. Amekaa ndani ya hayo maisha wiki moja bila kuumia, na anatoka na maswali ambayo labda hangewahi kukuuliza. Huko nje Umoja anaona mangapi kuanzia stage mpaka mlangoni? Ameshaona. Kitabu kinampa jina la kile ameona.

Hii vita si ya leo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka Tanzania 1971, ni hadithi ya msichana aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi hadi akatoka nyumbani hajui kujilinda na chochote, ilipigwa marufuku mashuleni, watu wakasema itaharibu watoto. Miaka ikaenda, kitabu kilekile kikaja kusomwa mashuleni. Maneno hayakubadilika hata moja, ni wakubwa walikubali kuongea.

Siku fulani, na shule sitaitaja, nilikuwa hapo mzazi mmoja alipolalamika kwa simu tu, na kabla ya saa nne vitabu vyote vya darasa la Kidato cha Pili vilikuwa vimekusanywa kwa katoni vikafungiwa stoo, hakuna mtu aliuliza kurasa gani, hakuna aliyekisoma. Wasichana walikuwa wamefika mahali ambapo mhusika anaamua kama atarudi shule baada ya kujifungua. Hawakujua alirudi ama hakurudi. Mmoja wao alinifuata hadi getini kuniuliza, nikamwambia alirudi, na nikaona vile alipumua. Hiyo siku iliniuma na bado inaniuma, sababu sera ya serikali yenyewe inasema msichana aliyejifungua arudi darasani, na sisi tulifunga kitabu kilichokuwa kinasema hivyo hivyo.

Kwa hivyo kisome. Ukimaliza na bado roho imekataa, una haki ya kumwendea mwalimu ukamwambia kwa heshima, mwanangu mpe kingine, na mwalimu mzuri atakuwa na kingine. Hiyo ni haki yako juu ya binti yako. Kuwatolea wale wengine wote ni jambo lingine, wazazi wao pia wako na masikio. Na kama roho imekubali, mwambie binti umekisoma na umuulize yeye alionea nani huruma. Muulize mkiwa mnakata sukuma ama mnakunja nguo, si mkiwa mmeketi mkiangaliana kama kwa polisi.

SWALI: Mwalimu sasa. Niko TP, mazoezi ya ualimu, nafundisha Huruma. Nimepata kitabu fiti sana cha vijana lakini kwa dayalogi wahusika wanaongea sheng. Mwalimu anayenisimamia anasema nitaharibu Kiswahili cha watoto. Niachane nacho? – Mwalimu mgeni

JIBU: Usiachane nacho, lakini kiangalie vizuri sheng iko wapi. Kama msimulizi anasimulia kwa Kiswahili kilichonyooka na wahusika wakifungua mdomo wanaongea vile vijana wa Huruma wanaongea, mwandishi anajua anachofanya, na hakuna kitu kitamfukuza kijana haraka kama kusoma makanga wa kitabuni akimwambia abiria "tafadhali ndugu msafiri, sogea upande wa nyuma". Kama ni sheng kila mahali hadi msimulizi, kiwe cha klabu na si cha kipindi, kwa sababu mwalimu anayekusimamia naye ana haki ya kuogopa kwa ajili ya insha.

Ujue pia sheng inazeeka haraka. Kitabu kilichoandikwa miaka kumi iliyopita watoto watacheka mahali hapakukusudiwa, watasema hiyo ni ya wazee. Wala si vibaya, fanya hivi, chukua nusu ukurasa wa hayo mazungumzo, waambie kundi moja waandike vile wao wangesema leo, kundi lingine waandike vile mhusika huyo angemwambia prinsipo ofisini, kundi la tatu vile angemwambia shosho yake akiwa amemtembelea. Umefundisha rejista za lugha kipindi kizima na hujaandika neno rejista ubaoni, na mwalimu wako akiwa ameketi nyuma na ile fomu yake ataona mwenyewe Kiswahili hakijaharibika.

SWALI: Wavulana wangu wa Gredi 9 wanakataa kitabu chochote chenye msichana kwa jalada. Ninunue vya mpira tu? – Mwalimu, Githurai

JIBU: Vya mpira nunua kimoja kwa sababu kupenda mpira si dhambi, lakini usikubali jalada likupangie darasa. Vifunike vyote na gazeti, wavulana na wasichana wapewe bila kuona picha, uwasomee mahali penye mbio, mahali mtu anafukuzwa ama anaficha kitu. Nimeona wavulana wakifika ukurasa wa 40 wakiwa wanamshabikia msichana na wala hawakumbuki walikuwa wanakataa nini. Ukitaka kuongeza orodha, Septemba enda Sarit kule Westlands kwa maonyesho ya vitabu ya kimataifa ya Nairobi, wachapishaji wanakuwa wamejipanga mahali pamoja, unasimama unasoma ukurasa wa kwanza wa vitabu kumi bila mtu kukufukuza. Uliza pia walioshinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, ile iko na kundi la vijana kando na la watu wazima. Tuzo haimalizi maneno lakini inakupunguzia rundo.

SWALI: Mwalimu hatuna pesa kabisa. Kuna PDF ya riwaya inazunguka kwa grupu ya WhatsApp ya walimu, si nipige tu fotokopi 40? – Mwalimu, Mukuru

JIBU: Hapana mwalimu. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya sasa ni ya 2001, na kando ya sheria, mwandishi wa Kiswahili hapa kwetu anaishi kwa nakala zinazouzwa, tukimmalizia hizo hatatuandikia kingine. Na hebu piga hesabu, kitabu cha kurasa 120 mara 40, hiyo karatasi na wino nani analipa? Kwa hizo pesa ungepata nakala kadhaa za halali.

Nunua moja. Moja tu, ama azima. Halafu uwasomee. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi, unasimama katikati ya darasa na si mbele, ndio sauti ifike nyuma, unasoma kurasa nne hivi. Kama una vipindi 4 kwa wiki hizo ni kurasa 16, kitabu cha kurasa 120 kinaisha wiki ya 8, ndani ya muhula mmoja. Usifunge mahali pametulia, funga pale mlango umegongwa na hatujajua ni nani. Na kile kitabu kibaki juu ya meza yako, usikifungie, sababu breki ikifika kuna mtu atarudi darasani peke yake ajifanye amesahau kalamu.